Trela, Tovuti na Filamu za Hali Halisi: Hoja Inayojificha Penye Maungio ya Picha

Anayesafiri katika barabara zetu kuu analijua trela, au tela kama wengine waliandikavyo: ni lile gari lisilo na injini ambalo hufungwa nyuma ya lori na kukokotwa. Katika sinema neno hili lilianza kwa maana hiyo hiyo. Mnamo mwaka 1913 huko New York, Nils Granlund, aliyekuwa akishughulikia matangazo ya majumba ya burudani ya Marcus Loew, alitengeneza kipande kifupi cha filamu ili kuutangaza mchezo wa jukwaani ulioitwa The Pleasure Seekers. Vipande vya namna hiyo viliungwa mwishoni mwa filamu, vikaifuata nyuma kama trela linavyolifuata lori. Haikuchukua muda mrefu wenye majumba ya sinema kutambua kwamba watazamaji huinuka na kwenda zao mara filamu inapokwisha, na kwa hiyo vipande hivyo vikahamishiwa mbele. Jina halikuhamishwa. Siku hizi trela hulitangulia lori lake kwa miezi mingi, na mara nyingi hufika mahali ambapo lori lenyewe halitafika kamwe.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Filamu ya hali halisi, yaani ile isiyotumia waigizaji bali inayoonyesha watu na mambo yalivyo ulimwenguni, kwa kawaida haina fedha za matangazo zinazolingana na zile za filamu za hadithi. Trela lake, bango lake na tovuti yake ndizo nguvu zake karibu zote. Wanaoitazama nzima ni wachache. Wanaoliona trela, au kuusoma ukurasa wa kwanza wa tovuti, ni wengi mno kuliko hao. Hapana budi basi tujiulize ni maarifa ya namna gani yanayosafiri kwa njia hii fupi. Trela la filamu ya hadithi likidanganya, mtazamaji hupoteza nauli na kiingilio. Trela la filamu ya hali halisi likipotosha, hasara huwaangukia pia watu walioonyeshwa humo, na wao hawakununua tikiti.

Kukata na kuunga

Kwa miaka mingi kampuni za filamu za Marekani zilifuata kikomo cha dakika mbili na nusu kwa trela moja la kuonyeshwa katika majumba ya sinema, na Januari 2014 chama cha wenye majumba hayo kiliomba kikomo kiwe dakika mbili. Tuchukue filamu ya dakika 107, urefu ambao tutakutana nao tena hapa chini. Hiyo ni sekunde 6,420. Trela la sekunde 120 ni chini ya sehemu mbili katika mia za filamu hiyo.

Swali la kitaalamu ni hili: je, sehemu hizo mbili ni sampuli? Mnunuzi wa mchele huchoma gunia kwa bambo juu, katikati na chini, akapata punje zinazoliwakilisha gunia zima. Mtengenezaji wa trela hafanyi hivyo, wala hakuajiriwa kufanya hivyo. Yeye huchagua uso uliolia, mlango uliobamizwa, sauti iliyotetemeka, kisha huviunga kwa mpangilio ambao haumo katika filamu. Picha ya mtu mmoja huwekewa sauti ya mwingine. Muziki unaosikika huenda usiwemo kabisa katika filamu. Maandishi meupe juu ya kiwambo cheusi huziba pengo lililobaki. Kwa hiyo trela si filamu iliyofupishwa. Ni filamu nyingine, fupi sana, iliyotungwa kwa vitambaa vilivyokatwa kutoka ile ndefu.

Nguvu ya kazi hii ilielezwa mapema. Baada ya Mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha hisia yoyote ya pekee, akaiunga mara na bakuli la supu, mara na maiti ndani ya jeneza. Kwa masimulizi yaliyotufikia, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, kisha huzuni. Uso ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni jirani yake. Maana haikuwamo katika picha ya kwanza wala ya pili. Ilizaliwa penye maungio, na aliyeizaa alikuwa mtazamaji mwenyewe.

Msomaji na aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa ndilo ninalolitegemea katika yote yanayofuata. Hoja inayotamkwa ina msemaji, na msemaji anaweza kuulizwa ushahidi. Hoja inayozaliwa penye maungio ya picha mbili haina msemaji. Ukimwuliza mtengenezaji, atasema kwamba yeye hakutamka neno lolote, na atakuwa amesema kweli.

Samaki na bunduki

Mfano ulio karibu nasi ni filamu Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, iliyotolewa mwaka 2004 na kupigwa picha zake Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria. Urefu wake ni dakika 107. Inaeleza habari za sangara, samaki aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, aliyeongezeka mno katika miaka ya 1980 na kuchangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Inaonyesha viwanda vya minofu, ndege za mizigo za Kirusi zinazopeleka minofu hiyo Ulaya, na mabaki ya samaki, mapanki kama yanavyoitwa Mwanza, yakianikwa juani. Aidha inauliza ndege hizo huja na nini.

Katika filamu yenyewe swali hilo halijibiwi kwa picha. Hakuna sanduku la silaha linaloonyeshwa likishushwa Mwanza. Kuna mazungumzo: rubani mmoja, baada ya kusitasita sana, anasimulia kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola na kurudi na zabibu kutoka Johannesburg. Ni ushuhuda mzito wa mtu anayejuta, lakini ni ushuhuda kuhusu Angola. Mtazamaji aliyekaa dakika zote 107 anaweza kuupima hivyo.

Bango la filamu lilikuwa na kazi nyingine. Liliunganisha mifupa ya samaki na umbo la bunduki. Nililiona kwa mara ya kwanza ugenini, nikiwa mwanafunzi, ukutani katika stesheni ya treni, na wiki ile ile mwenzangu wa bwenini aliniuliza iwapo ni kweli kwamba kwetu samaki hulipiwa kwa bunduki. Hakuwa ameiona filamu. Wala mimi. Tulibishana nusu saa nzima juu ya jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelitamka.

Filamu hiyo iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar ya mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na maandamano yakafanyika Mwanza dhidi yake. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi. Sauper alimshtaki kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimwona Garçon ana hatia. Siandiki hapa ili kuamua kesi hiyo kwa mara nyingine. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili za ugomvi ule mkubwa zilijaa watu waliokuwa wakigombea bango. Wapo waliolaani na wapo waliosifu bila kuketi mbele ya filamu hata kwa dakika kumi. Habari za furu, ambazo kwa mwanasayansi ni msiba wa ajabu na ambazo ndizo zilizoipa filamu jina lake, hazikugombewa na mtu yeyote.

Isidhaniwe kwamba hili huwapata Waafrika tu wanapopigwa picha na wageni. Mwaka 2006 ilitoka filamu An Inconvenient Truth ya mwongozaji Davis Guggenheim, ambayo kiini chake ni mihadhara ya Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, juu ya kupanda kwa joto la dunia. Bango lake lilionyesha bomba la moshi la kiwanda, na moshi ukijiviringa kuwa kimbunga. Mwaka uliofuata, mzazi mmoja alipopinga filamu hiyo kuonyeshwa katika shule za Uingereza, Jaji Burton wa Mahakama Kuu ya London aliamua kwamba msingi wake wa kisayansi ulikuwa imara kwa jumla na kwamba inaweza kuonyeshwa, mradi walimu wapewe maelezo juu ya mambo tisa yasiyopatana na makubaliano ya wanasayansi. Mojawapo lilikuwa kukihusisha kimbunga Katrina cha mwaka 2005 moja kwa moja na joto la dunia bila ushahidi wa kutosha. Jaji alikuwa akiikosoa filamu, si bango. Hata hivyo angalia mahali ufa ulipotokea: ni pale pale ambapo bango lilikuwa limeunga moshi na kimbunga. Mtengenezaji wa matangazo huwa na jicho kali la kuona kiungo chenye mvuto mkubwa kuliko vyote, na mara nyingi kiungo hicho ndicho chenye ushahidi mwembamba.

Kinachobaki kichwani

Wapo watakaosema kwamba haya ni madogo, kwa kuwa mtu hulisahau trela baada ya siku mbili. Utafiti hauungi mkono faraja hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Carl Hovland na wenzake waliwapima askari wa Marekani waliokuwa wameonyeshwa filamu ya hali halisi The Battle of Britain, wengine baada ya siku tano na wengine baada ya majuma tisa. Katika kitabu walichotoa mwaka 1949 walionyesha kwamba baada ya majuma tisa askari walikuwa wamesahau mengi ya mambo mahususi waliyoyaona, lakini katika baadhi ya maswali msimamo wao ulikuwa umevutwa zaidi upande wa filamu kuliko ulivyokuwa siku ya tano. Maarifa yalififia, mwelekeo ukakomaa. Hali kadhalika, mwaka 1977 Hasher, Goldstein na Toppino walichapisha jaribio ambamo wanafunzi walisomewa sentensi mara tatu kwa vipindi vya majuma mawili. Sentensi zilizorudiwa zilionekana kuwa za kweli zaidi kila ziliporudiwa, ziwe za kweli au za uongo.

Sasa fikiria kitu kifupi, kinachorudiwa mara kwa mara, kisichokuwa na mambo mengi mahususi ya kusahau bali mwelekeo mtupu. Hicho ndicho trela.

Tovuti na kazi yake

Kwa nadharia, tovuti ingeweza kuwa dawa ya maradhi haya. Haina kikomo cha dakika mbili. Mtengenezaji anaweza kuweka humo nyaraka, tarehe, mahojiano kamili, na hata majibu ya waliolaumiwa. Lakini historia ya tovuti za filamu haikuanzia huko. Mfano uliowafundisha wote biashara hii haukuwa filamu ya hali halisi kabisa, bali filamu ya hadithi iliyovaa joho la hali halisi: The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Tovuti yake ilijaa picha zilizodaiwa kuwa za polisi, kurasa za shajara na orodha ya matukio ya miaka mingi, yote yakiwa ya kubuni, na waigizaji wake wakatangazwa kuwa wamepotea. Mama wa mmoja wao alipelekewa salamu za rambirambi na watu asiowajua. Filamu ilinunuliwa kwenye tamasha la Sundance kwa kiasi cha dola milioni 1.1, ikaingiza takriban dola milioni 248 duniani. Wafanya biashara walijifunza kwamba umbo la ushahidi, yaani faili, mihuri na tarehe, huuza vizuri kuliko sifa. Sisi tungepaswa kujifunza kwamba umbo la ushahidi si ushahidi.

Miaka kumi na mitatu baadaye tovuti iliungana na filamu kwa namna ambayo haikuwa imeonekana kabla. Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Invisible Children la Marekani lilitoa KONY 2012, filamu ya karibu nusu saa juu ya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Katika siku sita ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Tovuti ilipanga picha za watu mashuhuri 20 na watunga sera 12, ili mtazamaji abonyeze uso na kumpelekea ujumbe hapo hapo; kulikuwa pia na bangili na mabango ya kununua. Kwa ufundi wa usambazaji ilikuwa kazi ya hali ya juu. Lakini LRA walikuwa wameondoka Uganda tangu mwaka 2006, na jambo hilo kubwa lilipitiwa kwa haraka mno. Kwa maoni yangu filamu ile nzima ilikuwa trela: nyuma yake hapakuwa na lori.

Tarehe 13 Machi shirika moja la Uganda liliionyesha mjini Lira, kaskazini mwa nchi, mahali palipoumia kwa vita hivyo. Maelfu walikusanyika mbele ya kitambaa cheupe kilichotundikwa uwanjani. Walitarajia kuona habari zao, wakamwona baba wa Kimarekani akimweleza mwanawe mdogo nani ni mtu mbaya, na jina la aliyewaua ndugu zao likichapishwa kwenye mabango na bangili kama la mwanamichezo. Hasira zikapanda, mawe yakarushwa, watu wakatawanyika, na shirika lile likaahirisha maonyesho mengine. Picha zile zile ambazo New York na London zililiza watu, Lira ziliwatukana, kwa sababu watazamaji wa Lira walizijua sehemu 98 katika mia zilizokuwa zimekatwa.

Ipo njia nyingine. Filamu Virunga ya Orlando von Einsiedel, iliyotoka mwaka 2014, inahusu hifadhi ya taifa iliyo mashariki mwa Kongo na utafutaji wa mafuta wa kampuni ya Uingereza, SOCO. Kiswahili cha walinzi wa hifadhi kinasikika humo bila kuzibwa. Katika kuitangaza, watengenezaji hawakutosheka na machozi ya umma. Waliipeleka kwa wabunge na kwa wenye hisa, watu wachache wenye uwezo wa kudai nyaraka na kuzisoma. Kampuni ilikanusha lawama. Mwaka 2015 Kanisa la Uingereza liliuza hisa zake katika kampuni hiyo. Tangazo linalomwelekea mtu atakayeuliza maswali hulazimika kubeba majibu.

Nani kalilipia?

Sheria nayo imeligusa suala hili, tena kwa namna ambayo wengi hawaikumbuki. Kesi maarufu ya Citizens United, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani tarehe 21 Januari 2010, hutajwa kila inapozungumzwa fedha katika siasa. Ilianza na filamu ya hali halisi, Hillary: The Movie, ya mwaka 2008, na matangazo yake matatu: mawili ya sekunde 10 na moja la sekunde 30. Kila tangazo lilikuwa na maneno mafupi ya kumsema Seneta Clinton, kisha jina la filamu, kisha anwani ya tovuti. Je, hayo yalikuwa matangazo ya biashara au ya uchaguzi? Kuhusu fedha za makampuni katika uchaguzi majaji waligawanyika watano kwa wanne, na dunia inakumbuka hilo. Lakini kuhusu matangazo yale madogo wanane kati ya tisa walikubaliana: sheria inaweza kudai yaonyeshe ni nani aliyeyatoa na kuyalipia. Kwa maneno mengine, hoja isiyo na msemaji ilipewa msemaji kwa lazima.

Huo ulikuwa wakati wa uchaguzi, na Marekani. Matrela mengi ya filamu zinazohusu maziwa yetu, wanyama wetu na vita vyetu hayabanwi na sharti kama hilo, na bado sijaona tovuti nyingi zinazoeleza kwa lugha ya waliopigwa picha ni nini kilichokatwa.

Kwa walimu wa sekondari na vyuo, zoezi lifuatalo halihitaji zaidi ya simu moja na daftari. Chagua trela la filamu ya hali halisi inayohusu mahali ambapo wanafunzi wanapajua. Litazameni kwanza bila sauti, na kila picha inapobadilika mwanafunzi mmoja apige mstari daftarini. Litazameni tena kwa sauti bila kuangalia kiwambo, na mwingine aandike kila sentensi iliyotamkwa pamoja na jina la aliyeitamka, kama anajulikana. Kisha kila mmoja aandike mambo matatu ambayo trela limemfanya aamini, na darasa litafute kila jambo katika orodha ya sentensi. Yale yasiyopatikana humo yatafutwe kwenye mistari, penye maungio. Kazi hii huchukua kipindi kimoja. Ugomvi unaofuata huchukua viwili.